Mrejesho: kiungulia cha mama na pumu ya usiku

Niliuliza kama kiungulia cha mama chaweza kumwamshia pumu usiku. Tumemwona daktari hapa Malindi. Yawezekana, tena kwa njia mbili: asidi ya tumbo hupanda ikapenya kidogo kidogo kwenye njia ya hewa, au huchoma umio (njia ya chakula) tu, neva zikashtuka na mirija ya mapafu ikajibana. Kumbe si lazima ifike mapafuni!

Kapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, amalize kula angalau saa 3 kabla ya kulala, na kitanda tumekiinua kichwani kwa matofali, sentimita 15 hivi. Ugomvi ni kahawa tungu. Hiyo haachi ng'o. Pampu ya pumu anaendelea nayo, daktari kasisitiza. Kikohozi cha alfajiri kimepungua, ila kifua bado chapiga miluzi.