Tupeane uzoefu: masoko madogo ya Krismasi Berlin, yale ambayo watalii hawayafikii

Mkaazi_wa_Wedding
Wadau mlioko Berlin na mliowahi kupita, habari za baridi. Leo nimeona tangazo la soko la Richardplatz limebandikwa kwenye nguzo, moyo ukaruka. Mara ya kwanza kufika pale nilikuwa natafuta fundi wa kuchonga funguo, Ijumaa jioni, giza limeshaingia. Nikakata kona nikakuta uwanja mzima unawaka taa za mafuta. Sisemi balbu jamani, nasema taa za mafuta ya taa. Ile harufu ilinipeleka Sumbawanga moja kwa moja, nikasimama pale funguo nimezisahau.

Kwa wasiojua: hapo ni Rixdorf, ndani ya Neukölln. Zamani kilikuwa kijiji, na mwaka 1737 walikuja kukaa hapo Waprotestanti waliokimbia Bohemia (Ucheki ya leo) kwa sababu ya dini yao. Nyumba zao fupi bado zipo. Soko lao linafanyika wikiendi moja tu kwa mwaka, ile ya Adventi (Majilio) ya pili, basi. Na vibanda hawapewi wafanyabiashara wakubwa. Ni vyama vya hisani, makanisa, shule, na mafundi wanaouza kazi za mikono yao. Ukinunua supu, hela inakwenda kwa watoto wa mtaa au kwa wakimbizi.

Naomba kila mwenye stori ya masoko ya namna hii aiweke hapa. Ya Alexanderplatz tunayajua, tuyaache.

Chausiku_N
Richardplatz! Umenigusa penyewe.

Babu_wa_Spandau
Mbona Spandau hamuitaji? Altstadt yote inakuwa soko, mji mkongwe, kanisa la Nikolai katikati. Miaka yote niliyokaa huku sijaona soko linaloifikia.

Fundi_Seremala
Mzee wangu shikamoo, lakini Spandau si soko dogo. Mabasi ya watalii yanashusha watu pale. Mleta uzi kasema madogo.

Babu_wa_Spandau
Marahaba. Watalii wanaishia Gendarmenmarkt na kanisa lile lililovunjika. Spandau wanakuja Waspandau. Nakaa hapa, najua ninachosema.

Bint_Micheweni
Mimi ngoja niseme la Sophienstraße, karibu na Hackescher Markt. Ni mtaa mwembamba, soko linafanyika wikiendi za Adventi tu, na wanajali sana mambo ya mazingira: sabuni za kutengeneza nyumbani, sufu, mishumaa ya nta ya nyuki. Kulikuwa na bibi mmoja anauza machungwa yaliyochomekwa karafuu nzima nzima, yananing'inizwa kwa utepe nyumba inukie. Nikasimama. Nikamwambia bibi, hizi karafuu mimi nimezichuma utotoni. Akaniangalia akaniuliza zinachumwaje. Basi nikamweleza Pemba ilivyo: unapanda mkarafuu, unavuta tawi, unachuma kishada kabla ua halijafunguka, jioni watu wanakaa kuchambua vikonyo, kisha zinaanikwa juani kwenye majamvi na mvua ikinyesha kila mtu anakimbia kuzianua. Aliita mumewe aje asikilize. Wateja wakasubiri. Ile mvinyo ya moto wanayokunywa watu wote hawa, na keki zao zote za Desemba, ndani mna karafuu na mdalasini, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna mikono inayochuma.

Abuu_T
Dada yangu kwa heshima zote, sikukuu ya watu wenye dini yao na mvinyo unachemka kila hatua, Muislamu anafuata nini?

Bint_Micheweni
Kaka, nafuata mishumaa, lozi za kukaangwa na sukari, na watu. Sinywi na silazimishwi kunywa. Vibanda vingi vya vinywaji vina Kinderpunsch, maji ya matunda ya moto yenye viungo. Unauliza tu "ohne Alkohol?" yaani bila pombe, na unajibiwa vizuri. Jirani zangu wanakuja kwangu Idi wanakula biriani, sijawahi kuwauliza wanafuata nini.

Abuu_T
Nimekuelewa. Ila soseji waulize, nyingi ni za nguruwe.

Fundi_Seremala
Na ukisikia "mit Schuss" ujue wameongeza ramu humo. Hata anayekunywa mvinyo aogope hiyo.

Mama_Zuu
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini mmetaja Richardplatz na mikono inatetemeka. Ngoja niseme.

Tulikwenda Jumamosi, mimi na Zuu. Ana miaka minne. Jumamosi jioni pale ni nyomi, watu wamebanana hata kugeuka huwezi, mnasukumwa mnakokwenda. Taa zenyewe ni zile za mafuta, nzuri kweli, lakini mwanga unaishia kwenye meza. Chini, kwenye kimo cha mtoto, ni giza na makabuti meusi. Nilikuwa kwenye kibanda cha zile Quarkbällchen, zinafanana na kalimati isipokuwa ndani zina maziwa mgando. Wanataka taslimu, kadi hawachukui. Nikaachia mkono wake nifungue pochi. Nikapewa mfuko wa karatasi. Nikageuka kumpa ya kwanza.

Hayupo.

Nikadhani yuko upande wa pili wa sketi yangu. Hayupo. Nikainama, naona miguu tu, buti na buti na buti. Nikaita Zuu. Nikaita tena. Kijerumani nimekisoma, nina cheti, nakitumia kazini kila siku, lakini pale kilinitoka chote. Nilikuwa napiga kelele kwa Kiswahili katikati ya uwanja wa Wazungu: mwanangu, mwanangu jamani, mwanangu! Watu wanageuka wananiangalia. Nikaanza kufikiria barabara iliyo pale nyuma. Nikafikiria mtu kamshika mkono anaondoka naye na mtoto anamfuata kwa sababu nimemfundisha kuheshimu wakubwa.

Mama mmoja mtu mzima akatoka nyuma ya meza ya kibanda cha kanisa, amevaa aproni, akanishika mabega yote mawili. Akasema taratibu: jina? Nguo rangi gani? Nikasema njano, kofia ya njano. Hakuniuliza kingine. Akapanda juu ya kreti ya chupa akapaza sauti, mtoto wa kike, kofia ya njano, anaitwa Zuu. Kibanda cha jirani wakapokea wakapaza. Cha pili yake wakapaza. Nikalisikia jina la mwanangu linakwenda, linatamkwa vibaya, Tsu, Tsu, linazunguka uwanja mzima kutoka meza hadi meza. Kulikuwa na wapiga tarumbeta wa kanisa, wakakatiza wimbo katikati ili watu wasikie. Vibanda vikaacha kuuza. Naapa viliacha kuuza.

Akapatikana kwa mhunzi. Pale uwanjani kuna karakana ya zamani sana ya uhunzi, na siku za soko wanafua chuma watu wakiangalia. Zuu aliona cheche akazifuata. Babu mmoja alikuwa amemshika kofia ya jaketi kwa nyuma ili asisogelee moto, amemshika hivyo hivyo bila kumvuta wala kumtisha, anasubiri mwenye mtoto atokee. Mtoto hata halii. Ananiambia, mama, chuma kinakuwa kama chungwa.

Nilikaa chini kwenye mawe. Yule mama wa aproni akaniletea chai na akakataa hela. Sijui jina lake mpaka leo.

Chausiku_N
Mama Zuu nimelia kwenye treni.

Mkaazi_wa_Wedding
Pole sana dada. Mungu ni mwema.

Kamanda_Mbeya
Pole, ila mtoto wa miaka minne unaachiaje mkono kwenye umati wa vile? Tuwe wakweli.

Fundi_Seremala
Kamanda, umewahi kulipa kwa taslimu ukiwa na glavu, pochi, mfuko na mtoto, mikono ni miwili? Tulia.

Bint_Micheweni
Kamanda omba radhi. Mtu kafungua kifua chake hapa.

Kamanda_Mbeya
Sikuwa na nia mbaya, nina watoto pia ndiyo maana naongea. Mama Zuu unisamehe. Ushauri wangu: andika namba ya simu kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu ya wino kabla hamjatoka nyumbani.

Muuguzi_Lichtenberg
Mkononi haionekani, ana glavu. Mvalishe ile vesti ya njano inayong'aa, kama wanavyovalishwa watoto wa chekechea za hapa wakitembezwa. Na mfundishe akipotea asimame alipo.

Babu_wa_Spandau
Wengine tumelea kwa kuwafunga kanga kiunoni, mama upande huu na mtoto upande ule. Hakupotea hata mmoja.

Muuguzi_Lichtenberg
Mzee, kwenye umati huo kanga inaangusha watu kumi!

Kwa wenye watoto wadogo kweli, nawashauri Domäne Dahlem. Ni shamba halisi ndani ya jiji, lina wanyama, unapanda treni ya chini ya ardhi U3, unashuka kituo cha Dahlem-Dorf, kile chenye paa la nyasi, na unavuka barabara tu. Soko ni wikiendi za Adventi. Kuna kiingilio, ndiyo, lakini mtoto ana nafasi ya kukimbia na wewe unamwona.

Kamanda_Mbeya
Kiingilio cha kuingia sokoni? Hapana. Soko ni soko, mtu analipa anachonunua.

Muuguzi_Lichtenberg
Hela inatunza shamba na makumbusho yao. Mimi nalipa kwa moyo mweupe.

Kijana_wa_Kitale
Naongeza Lucia pale Kulturbrauerei, U2 Eberswalder Straße. Kilikuwa kiwanda cha bia, majengo ya matofali yenye ua ndani, kwa hiyo upepo haukupigi. Ni soko la Kinordiki, limepewa jina la Mtakatifu Lusia ambaye Waswidi wanamsherehekea tarehe 13 Desemba. Ukiwa mwanafunzi huna hela unaweza kusimama kwenye moto wa magogo bure, hakuna anayekufukuza.

Halafu jambo moja muhimu kwa wageni: msisubiri Krismasi yenyewe! Sisi tumezoea tarehe 24 ndiyo mji unachemka, watu wananunua mchele na nguo mpaka usiku. Huku ni kinyume. Masoko mengi yanafungwa kabla au siku hiyo mchana, maduka yanafunga, na jioni barabarani hakuna mtu, kila familia imejifungia ndani. Kama una mgeni kutoka nyumbani, mlete mapema Desemba.

Mtu_wa_Pangani
Mimi mnisikilize, sitarefusha. Niliwahi kupenda masoko makubwa. Tarehe 19 Desemba 2016 nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye hoteli karibu na Breitscheidplatz, uwanja wa lile kanisa lililovunjika. Lori liliingia kwenye soko jioni ile. Walikufa watu 12, na wa 13 alifariki mwaka 2021 kutokana na majeraha. Tulifunga milango, tukakaa na wageni, ving'ora usiku kucha, mke wangu anapiga simu na mimi simu iko kwenye kabati la nguo. Leo kwenye ngazi pale pameandikwa majina yao, na chini wameweka ufa wa dhahabu unaopita kwenye mawe. Nenda ukauone, weka mshumaa. Lakini kusimama pale na kikombe, mimi siwezi. Ndiyo maana naenda kwenye haya madogo.

Mkaazi_wa_Wedding
Pole kaka. Hili sikulijua kwako.

Mtu_wa_Pangani
Na niwape njia ninayopita kila mwaka. Nashuka Hermannplatz, naanzia Lucy-Lameck-Straße. Ule mtaa ulikuwa na jina la Wissmann, yule aliyeongoza jeshi la Wajerumani kwetu pwani. Mwaka 2021 wakaubadilisha, sasa una jina la Lucy Lameck wa Kilimanjaro, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika wadhifa serikalini Tanzania. Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani pwani, walimnyonga Pangani Desemba 1889, Desemba hii hii. Nasimama chini ya kibao kidogo, kisha narudi kupanda U7, vituo viwili, nashuka Karl-Marx-Straße, naingia sokoni Richardplatz.

Kamanda_Mbeya
Mkuu, heshima zako, lakini uzi ni wa masoko, historia ina uzi wake.

Mtu_wa_Pangani
Uzi ni wa uzoefu. Huo ndio uzoefu wangu wa Krismasi Berlin.

Bint_Micheweni
Aendelee. Na kule Wedding mwaka 2024 Petersallee nayo imebadilishwa, upande mmoja unaitwa Maji-Maji-Allee. Mleta uzi unakaa huko, thibitisha.

Mkaazi_wa_Wedding
Nathibitisha, napita hapo nikienda dukani.

Chausiku_N
Vikombe je? Nasikia ukilipa kinywaji wanakukata hela nyingi.

Fundi_Seremala
Hiyo ni amana ya kikombe dada, ukirudisha unarudishiwa. Wengine hawarudishi, wanakipeleka nyumbani kiwe ukumbusho, na inaruhusiwa kwa kuwa umeshakilipia.

Kijana_wa_Kitale
Soksi mbili za sufu, jamani. Miguu ikishashika baridi umekwisha.

Muuguzi_Lichtenberg
Usivae mbili kama buti zinabana, damu haitembei na ndiyo baridi inaingia. Moja nene inatosha.

Mama_Zuu
Asanteni wote kwa pole. Mwaka huu narudi Richardplatz, Jumapili mchana, kabla saa kumi giza halijaingia. Nina kibanda cha kanisa cha kutafuta na nimeoka keki ya nazi ya kumpelekea yule mama. Zuu anataka kumwona mhunzi. Nani anakuja?

Mtu_wa_Pangani
Nakuja. Nitasimama upande wa barabara, nyie mkae ndani.

Bint_Micheweni
Mimi na watoto wa dada yangu. Abuu T, karibu na wewe, Kinderpunsch nanunua mimi.

Abuu_T
Inshallah. Nitakuja na mke wangu, yeye ndiye aliyenisomea huu uzi kwa sauti.

Babu_wa_Spandau
Mkimaliza pandeni hiyo hiyo U7 bila kubadilisha mpaka mwisho wa reli. Mtashukia Spandau, nitakuwa nawasubiri, na mtaniambia wenyewe kama ni soko la watalii.