Baridi yabisi: kuna kipimo cha damu cha kujua dawa itamkubali mama?

Mwana_wa_Fundi: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ana miaka 52, fundi cherehani. Tangu mwaka jana akiamka vidole vimekakamaa saa nzima, mkasi haushikiki. Kapimwa: RF na anti-CCP (kingamwili za ugonjwa huu) zote zipo; vipimo vya uvimbe mwilini, CRP 38, ESR 70. Kaanzishiwa vidonge vya methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa, na foliki (vitamini), wiki ya 5 hii, nafuu hakuna. Jirani anasema Ulaya wanakupima damu, wanajua dawa itakayokukubali kabla hujaimeza. Kweli? Niuze pikipiki?

Maabara_Usiku: Pikipiki iache mkuu. Anti-CCP husaidia kuutambua ugonjwa, na huonya kuwa viungo vinaweza kuharibika mapema. Kama methotreksati itamkubali, haisemi. Huja kusaidia mbele ya safari: vidonge vikigoma, wenye RF au anti-CCP kwa kawaida hunufaika zaidi na rituksimabu (dawa ya dripu) kuliko wasio nazo. Marekani kipo kipimo kinachosoma jeni kwenye damu kukisia nani hatafaidika na dawa za kuzuia TNF (protini inayochochea uvimbe). Ni kukisia, tena kwa dawa hizo tu, si hii ya mama.

ESR nayo isikutishe peke yake. Umri huipandisha, upungufu wa damu pia. Linganisha CRP ya leo na ya akitimiza miezi 3 ya dawa, ndipo daktari ataamua abadili au aongeze.

Bibie_wa_Mwambao: Pole mdogo wangu. Mimi nina mwaka wa 6 nao. Wiki ya 10 ndipo nilipoweza kufunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Ila hebu niambie, anameza mara ngapi?

Mwana_wa_Fundi: Nimempigia dada. Alikuwa anameza Jumapili tu. Tangu juzi anameza kila siku, eti dozi ilikuwa ndogo ndiyo maana haponi.

Bibie_wa_Mwambao: Yallah! Asimeze tena hata kimoja. Methotreksati ni mara moja kwa WIKI, ikizidi inaua. Mpeleke hospitali sasa hivi, usingoje kesho, na pakiti za dawa mzibebe. Wampime picha kamili ya damu, ini na figo. Mdomoni ana vidonda?

Maabara_Usiku: Naunga mkono. Hicho ndicho kipimo anachohitaji leo.

Mwana_wa_Fundi: Kimoja, kwenye ulimi. Tumeshapanda bajaji.