Rubens alikataza kunakili sanamu, au alikubali?

PenseliButu: Wakuu, naomba mwanga. Nafundishwa kuchora kwa kunakili sanamu za plasta. Uwiano wa viungo umeanza kunikubali, ila nikishika rangi watu wangu wanatoka kama wamepigwa lipu. Nasikia Rubens, yule mchoraji Mflemi wa zamani, aliandika juu ya jambo hilihili. Alikataza?

MsomajiWaUsiku: Hakukataza, mkuu. Aliacha insha fupi ya Kilatini, *De imitatione statuarum*, yaani "Kuhusu kuiga sanamu". Mwandishi Mfaransa wa mambo ya sanaa, Roger de Piles, ndiye aliyeichapisha Paris mwaka 1708, Rubens akiwa amefariki tangu 1640. Anasema sanamu za kale zinawafaa sana wachoraji wengine, na wengine zinawaharibia sanaa yao kabisa. Wanaoharibikiwa ni wale wasiotenganisha umbo na jiwe.

Ugonjwa wako ameutaja: vivuli. Jiwe halipitishi mwanga, kivuli chake hukatika ghafla na kuwa kikali. Ngozi hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo kivuli hulainika. Tena ngozi hujikunja mwili unapogeuka, na marumaru hung'aa kupita kiasi.

Yeye mwenyewe alinakili sana. Alikaa Italia 1600 hadi 1608, akachora hata Laocoon, ile sanamu maarufu ya kale, kule Roma. Kuna mahali anawasema watu wa zama zake kwamba wamekuwa wavivu, matumbo mbele, mazoezi hawafanyi, ndiyo maana miili ya kale ilipendeza zaidi. Hapo nilicheka peke yangu.

PenseliButu: Kumbe ni kivuli! Kuna kitabu kizima, siyo insha tu?

Mama_Brashi: Kipo cha Karel van Mander, mchoraji Mflemi wa Meulebeke aliyekimbia vita akahamia Haarlem, Uholanzi. *Schilder-Boeck*, yaani "Kitabu cha Wachoraji", 1604. Kinaanza na shairi la sura 14 la kuwafunza vijana: mchoro, hisia za uso, mavazi, mandhari. Kwenye mandhari anawaambia waamke mapema, watoke mjini wakaangalie kunavyopambazuka. Kusema kweli shairi linachosha. Utamu uko kwenye habari za maisha ya wachoraji. Ndiye aliyeandika kwamba mchoraji Bruegel aliimeza milima ya Alps, akarudi nyumbani kuitapika kwenye mbao zake za kuchorea.

MsomajiWaUsiku: Mama, shairi usilitupe, sura ya mwanga unaoakisiwa na vitu inamhusu huyu kijana. PenseliButu, washa taa moja, weka mkono wako kando ya sanamu, chora vivuli vyote viwili karatasi moja. Halafu utuwekee picha hapa.