Chicago nayo ipo kando ya ziwa kama Mwanza, ilikuaje ikawa kubwa vile?

Kijana_wa_Igogo

Habari za jioni wakuu. Kuna swali linanisumbua muda sasa, naomba wajuzi wa historia mnisaidie. Mimi nipo Mwanza, kazi zangu ni bandarini, mizigo ya Bukoba na Uganda, kwa hiyo ziwa nashinda nalo. Sasa nina ndugu yangu anasoma Chicago, huwa ananitumia video akiwa ufukweni, aisee maji hayana mwisho kama huku kwetu, ila akigeuza simu upande wa pili ni maghorofa mpaka shingo inauma. Nikaingia kwenye ramani nikakuta Ziwa Michigan ni dogo kuliko Victoria, lile lina kilometa za mraba kama 58,000 letu linakaribia 69,000. Alafu huo mji umepewa hadhi ya jiji mwaka 1837 ukiwa na watu kama elfu nne tu, kufika 1890 wameshapita milioni moja. Miaka 53! Walifanyaje? Ni hela, ni viwanda, au ni pale walipokaa? Na huo muziki wao ulitokea wapi? Msinijibu tu kwamba wazungu walijipanga, nataka maelezo yaliyoshiba.

Mzee_wa_Reli

Mkuu umeuliza jambo la maana. Ziwa peke yake halileti mji, cha kuangalia ni nini kipo nyuma ya ziwa na mzigo unapitia wapi. Pale Chicago maji ya maziwa makuu yanakaribiana sana na mito inayoshuka kwenda Mississippi, katikati kuna kipande kifupi cha nchi chenye matope, na wenyeji wa pale, Wapotawatomi na wenzao, walikuwa wanakivuka kwa kubeba mitumbwi. Mgeni wa kwanza kujenga na kukaa moja kwa moja alikuwa mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara, alikuwepo miaka ya 1780 mwishoni na mke wake Kitihawa alikuwa Mpotawatomi. Ile barabara kubwa inayofuata ziwa waliibadilisha jina mwaka 2021 ikabeba jina lake.

Sasa 1825 mfereji wa Erie ukafunguliwa, ikawa mzigo unatoka maziwa makuu mpaka New York kwa maji. Alafu 1848 mambo matatu yakaangukia mwaka mmoja: mfereji wa kilometa kama 155 ukaunganisha ziwa na mto Illinois, treni ya kwanza ya Chicago ikaanza kutembea, na wafanyabiashara wakaanzisha soko lao la nafaka, Chicago Board of Trade. Hapo ndo mji ukalipuka.

Hilo la nafaka niliseme vizuri maana ndo roho ya mambo. Mwanzo mahindi na ngano vilikuwa vinasafiri kwenye magunia, gunia la kila mkulima na mwenyewe, kuli anabeba mgongoni anashusha anapandisha, na mzigo unabaki wa kwako mpaka uuzwe huko mbali. Wakajenga vihenge virefu vyenye mashine ya mvuke, nafaka inavutwa juu kwa vikombe vilivyofungwa kwenye mkanda, inapimwa, inapangwa daraja la kwanza la pili la tatu, inamwagwa pamoja na ya wengine wa daraja hilohilo. Mkulima hachukui tena gunia lake, anachukua karatasi inayosema una kiasi fulani cha ngano ya daraja fulani. Wenzetu wa choroko na dengu wanaouza kwa stakabadhi ghalani wanaelewa naongelea nini. Karatasi ikawa inauzwa mkono kwa mkono, baadae wakaanza mpaka kuuziana mahindi ambayo bado yako shambani, na mwaka 1865 soko likaweka kanuni rasmi za hiyo biashara. Bei ya mkulima aliyeko mbali kabisa ikawa inapangwa Chicago.

Mwaka huohuo siku ya Krismasi wakafungua mnada na machinjio makubwa, Union Stock Yards, yamekuja kufungwa 1971. Zamani ng'ombe walisafirishwa wazima kwenye behewa, wanakonda, wengine wanafia njiani, unalipia usafiri wa pembe na kwato. Kina Gustavus Swift wakaja na mabehewa ya barafu, ikawa wanachinja Chicago inasafiri nyama tu. Ni kama minofu ya sangara inavyotoka hapa kwetu.

Binti_wa_Mabatini

Mzee wangu shikamoo, umeeleza vizuri sana ila umeruka kitu ambacho kingeua huo mji kabla haujafika popote, nacho ni majitaka.

Chicago ilijengwa kwenye kinamasi, maji hayana pa kwenda, kipindupindu kilikuwa kinarudi rudi. Miaka ya 1850 wakaamua kuweka mabomba ya majitaka lakini ardhi iko chini mno, kwa hiyo wakayalaza juu ya barabara alafu wakapandisha barabara nzima ikayafunika, na baada ya hapo wakainua na majengo yenyewe! Mwaka 1860 waliinua safu ya majengo ya matofali mtaa wa Lake, maduka na maofisi yameshikana, jeki za skrubu zipatazo elfu sita zimepangwa chini ya msingi, wanaume kama mia sita, ikitolewa ishara kila mtu anazungusha zake kidogo, wote kwa pamoja ili ukuta usipasuke. Siku tano jengo limepanda zaidi ya mita moja na watu humo ndani wanaendelea kuuza na kununua. Nikifikiria hilo jambo nasisimka kila mara.

Ila mabomba yalimwaga kwenye mto Chicago unaopita mjini, mto unamwaga ziwani, na ziwa ndo wananywa. Wakachimba handaki chini ya ziwa kama kilometa tatu kufuata maji safi, likaanza kazi 1867, bado uchafu ukawa unawafuata. Mwisho wakaugeuza mto. Ndiyo, mto uliokuwa unaingia ziwani Januari 1900 ukaanza kutoka ziwani, kwa mfereji wa kilometa 45 waliouchimba kwa kina zaidi ili maji yakimbilie upande wa pili. Sisi tunaokaa karibu na Mirongo tunaona mvua ikipiga ule mto unashusha nini ziwani, chupa, mifuko, na mengine siyataji, kwa hiyo hii habari naisoma kwa uchungu. Lakini tusiwapambe sana, uchafu wao waliwasukumia wa bondeni, jimbo la Missouri likaenda mahakamani kulalamika na mwaka 1906 likashindwa.

Gita_la_Usiku

Mimi nijibu la muziki maana ndo ninalolipenda.

Muziki wa Chicago uliletwa na treni. Kuanzia kama 1916 watu weusi wakaanza kukimbia kusini mwa Marekani, kule kuna kunyongwa, kuna kulima shamba la mtu mwaka mzima ukiishia na deni. Reli ya Illinois Central ilitoka Mississippi mpaka Chicago moja kwa moja. Na kulikuwa na gazeti la weusi, Chicago Defender, lilianzishwa 1905 na Robert Abbott, wahudumu weusi wa mabehewa wakawa wanalibeba kimyakimya kulipeleka kusini, mtu mmoja anasoma kumi wanasikiliza. Mwaka 1910 weusi wa Chicago walikuwa kama elfu 44, ikifika 1930 ni zaidi ya 230,000.

Hawakupokelewa kwa maua. Julai 1919 kijana wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaelea ziwani akavuka ule mpaka usioandikwa wa upande wa wazungu, akatupiwa mawe akazama akafa. Vurugu zikaua watu 38. Na baada ya hapo miaka mingi hati za nyumba ziliandikwa kabisa kwamba mtu mweusi asiuziwe, ndo maana watu wakarundikana kusini mwa jiji, sehemu ikaitwa Bronzeville.

Humo ndani ya msongamano ndo muziki ukaiva. Muddy Waters alitoka Mississippi 1943 na gita la kawaida, kwenye baa za Chicago halisikiki kwa kelele, akachukua gita la umeme, bluzi ikabadilika moja kwa moja. Thomas Dorsey alikuwa mpiga bluzi akaingia kanisani akawa baba wa gospo. Miaka ya 1970 mwishoni Frankie Knuckles akawa anapiga muziki kwenye klabu inaitwa Warehouse, kutoka kwenye hilo jina ndo tukapata muziki wa haus, ukavuka bahari ukatua Afrika Kusini, leo ukisikia amapiano kwenye baa ya Nyegezi ujue kuna damu ya Chicago humo.

Mkereketwa

Naongezea kwa kifupi. Ardhi yenyewe ilichukuliwa kwa Wapotawatomi kwa mkataba wa 1833 wakahamishiwa ng'ambo ya Mississippi. Oktoba 1871 moto ukateketeza katikati ya jiji, wakafa watu kama 300 na laki moja wakakosa makazi, wakajenga upya, na 1885 likasimama jengo la Home Insurance, ghorofa kumi, ambalo wengi wanalihesabu kuwa ghorofa refu la kwanza la mifupa ya chuma. Na Mei Mosi yetu chanzo chake ni hukohuko, wafanyakazi waligoma Mei 1886 kudai saa nane za kazi, likarushwa bomu kwenye mkutano wa Haymarket, viongozi wao wanne wakanyongwa mwaka uliofuata.

Kijana_wa_Igogo

Wakuu nimeshiba kweli, asanteni sana. Moja tu la mwisho, huyo ndugu yangu anatembea ufukweni kilometa na kilometa hakuna geti wala ukuta wa mtu. Matajiri waliachaje hiyo sehemu?

Binti_wa_Mabatini

Hawakuacha kirahisi kaka yangu. Mwaka 1836 kwenye ramani ya viwanja waliandika kwamba kile kipande cha ufukweni katikati ya jiji kibaki wazi milele bila majengo. Baadae watu wakataka kujenga, na serikali ya jiji yenyewe ikataka kujenga. Akatokea mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, yule wa kuuza bidhaa kwa posta, ofisi yake ikitazama hapohapo, akafungua kesi 1890 akishika yale maandishi ya kwenye ramani. Kesi nne, miaka kama ishirini, matajiri wenzake na magazeti wanamsema vibaya, na akashinda zote. Ndo ile bustani kubwa ya Grant Park. Alafu mpango wa Daniel Burnham wa 1909 ukasema ufukwe wote ni mali ya watu wote, wakaendelea kufukia ziwa na kuongeza bustani.

Sisi tunayo sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka ziwani hairuhusiwi kujenga. Maandishi tunayo tayari, anayetaka kuyashika kama Ward ayashike, mimi nipo tayari kuchangia hela ya wakili.