Boti ya mashine mbili: nikitembelea moja naokoa mafuta kweli?

Mgeni wa Maji: Wakuu, salamu. Nina boti ya faiba ya mita 8, nyuma ina mashine mbili za nguvu farasi 115 kila moja. Ili kubana mafuta siku hizi nawasha moja tu, ya kulia. Sasa nikifungua mafuta yote inafika mizunguko 3,900 kwa dakika basi. Omo, yaani pua ya boti, inanyanyuka mpaka mbele sioni, tezi (nyuma) inazama, na boti haipandi juu ya maji. Usukani nao unavuta kushoto muda wote. Hapo naokoa chochote?

Nahodha Kipara: Huokoi kitu mkuu, unaitesa tu. Propela zako zilichaguliwa kwa boti inayosukumwa na mashine mbili. Soma kitabu chake: nyingi za aina hiyo, mafuta yakifunguliwa yote, zinatakiwa zifike 5,000 hadi 6,000. Yako inagota 3,900, sawa na gari linalopandishwa mlima kwa gia ya nne. Mafuta yanaungua, joto linapanda, mwendo huna.

Punguza mpaka omo ishuke yenyewe. Utatembea noti 5 au 6 hivi (kama kilomita 10 kwa saa), na hapo ndipo moja inalipa. Ukiwa na haraka, washa zote. Boti inayoteleza juu ya maji kwa mashine mbili mara nyingi inakula kidogo kwa kila maili kuliko inayolima maji kwa moja huku inalia.

Na iliyozimwa umeinyanyua? Propela yake ikibaki majini inakurudisha nyuma bure. Ila kwanza kagua kile chuma kinachounganisha mashine mbili. Vingine hukwama moja ikiwa juu na nyingine chini, ukashtukia usukani haugeuki.

Kuvuta kushoto ni kawaida, msukumo wote unatoka kulia.

Fundi Shafti: Naongezea kwa wenye injini za ndani, maana nyie hamna cha kunyanyua. Boti ikitembea, maji yanaizungusha propela ya injini iliyozimwa, nayo inazungusha shafti (chuma kinachounganisha injini na propela) na giaboksi. Kuna giaboksi ambazo pampu ya oili inategemea injini, kwa hiyo zinasagana bila oili. Kitabu kitakwambia kama inaruhusiwa, au shafti ifungwe isizunguke. Halafu tazama sili ya shafti, ile inayozuia maji yasiingie botini: kama inapozwa na maji ya injini hiyo hiyo, itaungua. Boti ninazotengeneza mimi naziwekea mpira wa kuleta maji kutoka injini ya pili.

Mgeni wa Maji: Nimewapata. Na kuingia gatini kwa moja je?

Nahodha Kipara: Ukitumia ya kulia, boti inageuka kushoto kirahisi, kulia inagoma, hasa ukiwa polepole. Kwa hiyo ingia ukigeukia kushoto. Fanya mazoezi kwanza: tafuta boya penye nafasi, lizunguke pande zote mbili kwa moja, uone inapogomea. Lakini kama zote ni nzima, mkuu, gatini acha ubahili. Ishushe ya pili uiwashe.