Mrejesho: mhusika wangu wa kike wa Kariakoo, mwaka 1955

Ndugu zangu, miezi minne iliyopita niliwauliza namna ya kumwandika mwanamke wa Kariakoo wa mwaka 1955, aliyeozwa bila kuulizwa, pasipo kumfanya mnyonge asiye na lake wala kumvika fikra za binti wa leo. Nawashukuru nyote, lililonifaa zaidi ni jibu lililonitaka niache kwanza kumtazama mume, nitazame mahali wanawake walipokutana wenyewe.

Nimeufuata ushauri huo. Nimesoma kwamba Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, mwaka huohuo wa 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na kwamba ni kupitia vikundi kama hicho, vilivyokuwa na viongozi wake na njia zake za kupashana habari, ndipo wanawake wengi wa mjini walipofikiwa. Basi mhusika wangu sasa anaomba ruhusa ya kwenda kwenye lelemama, mume anamruhusu kwa kuwa ni ngoma tu, naye anarudi na kadi ya chama ameifunga kwenye pindo la kanga. Hasemi neno, na naamini ukimya huo una nguvu kuliko hotuba ndefu niliyompa awali, ambayo nimeifuta yote.

Aliyebaki ni mama mkwe. Bibi mmoja wa mtaa wa Gerezani ameniambia kwamba aliyembana zaidi ujanani hakuwa mumewe bali mamake mume; kwa hiyo naiandika upya sura ya tano, nikimpa mama huyo naye sababu zake.