Tupeane uzoefu: mliowahi kutafuta ukoo wa Kipolandi hadi kijijini

Mjukuu wa Tengeru: Wakuu, leo nimepeleka wageni makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, nikajikuta namuwaza bibi mzaa mama. Aliletwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi hapo Tengeru 1942 akiwa kigori, wenzake walipoondoka yeye akabaki Arusha. Nina jina la kijiji tu. Mliofika huko, mlikutana na nini?

Msukuma wa Łódź: Jina la kijiji halitoshi, mkuu. Nowa Wieś zipo kibao. Tafuta parokia, ndiyo yenye vitabu vya ubatizo.

Bint Meru: Naunga mkono. Parokia kwanza.

Baba Kasia: Sisi tulitafuta upande wa mke wangu, kijiji cha Lublin ndani ndani. Ubatizo tuliupata Geneteka, tovuti ya kutafutia ukoo, bure kabisa, ila ukurasa wenyewe Kirusi cha mkono, maana tangu 1868 watawala wa Kirusi waliwalazimisha kuandika hivyo. Tarehe mbili mbili, ya kalenda ya zamani ya Kirusi na ya hii yetu, zinapishana siku 12. Haya, tukafika makaburini, safu na namba ya kaburi la babu yake tunazo. Tunakuta marumaru mpya nyeusi, jina la watu wengine, mama mmoja kainama anaifuta. Kumbe kule kaburi hulipiwa miaka 20. Msipolipia tena, anaweza kuzikwa mwingine. Mke wangu hakusema kitu. Aliwasha mshumaa wake wa kopo hapohapo pembeni, yule mama akasogeza ndoo kumpisha.

Fundi Saa: Poleni. Wazungu wanatozana hadi kaburini!

Msukuma wa Łódź: Kwani Dar makaburi hayafukuliwi? Acha hizo.

Fundi Saa: Utani tu, kaka, mbona povu?

Mganda wa Pwani: Mimi nusura nipigwe. Kijijini Podlasie, mashariki mwa Polandi, nagonga mlango na picha ya babu aliyefia Kampala. Pazia likafunguka, likafungwa. Akatoka mzee na bahasha ya hati za shamba, nyuma yake kijana kashika reki. Mzee ananionyesha mihuri, karatasi baada ya karatasi. Walidhani nimekuja kudai ardhi! Nikampa picha. Akaingia ndani, akarudi na picha hiyohiyo, ila ya kwao haijakatwa: pembeni ya babu kuna mke na mtoto mchanga. Mtoto ndiye yeye.

Bint Meru: Weee! Mbona umekatia patamu?

Fundi Saa: Kwa hiyo ni baba mkubwa wako. Shamba vipi?

Bi Zuhura: Jamani, tumrudie Mjukuu. Wengi wa Tengeru walitoka mashariki mwa Polandi ya wakati ule, Wasovieti wakawahamishia Siberia 1940 na 1941, kisha wakapitia Uajemi kuja huku. Baada ya vita mpaka ukasogezwa, kijiji cha bibi huenda leo kiko Belarus au Ukraine. Vitabu vingi vya huko vilivyonusurika viko Warszawa, vya zamani ulizia AGAD, hifadhi ya nyaraka za kale.

Fundi Saa: Basi bibi ni Mbelarusi.

Bi Zuhura: Bibi ni Mpolandi, mwanangu. Kilichohama ni mpaka.

Msukuma wa Łódź: Nenda 1 Novemba, Watakatifu Wote, kijiji kizima kinakuja makaburini kuwasha mishumaa, utauliza unayemtaka.

Baba Kasia: Asiende Novemba! Baridi, na paroko hashikiki. Nenda Juni, mbebee kahawa ya Kilimanjaro.

Mganda wa Pwani: @Fundi Saa shamba ni lao. Nilipewa matango ya chumvi na kitanda.

Mjukuu wa Tengeru: Shikamoo Bi Zuhura, nashukuru. Anayesoma Kirusi cha mkono aje inboksi, bei tutaelewana.